Mtawanyiko wa Viluwiluwi: Samaki Kabla ya Kufika Mwambani

Kangaja anayenaswa kwenye dema karibu na Shimoni, pwani ya Kenya, huenda hakuanguliwa hapo. Mama yake alimwaga mayai majini, mkondo ukayachukua, na kinda alipotoka ndani ya yai aliishi bahari kuu kwa siku zaidi ya 40, akiwa bapa na mwangavu kama kioo, ndipo akatua kwenye matumbawe na kuvaa rangi zake. Wataalamu wa bahari wanaposema mtawanyiko wa viluwiluwi wa samaki, wanazungumzia kipindi hicho: wapi viluwiluwi walipo, kwa wingi gani, kina gani, msimu gani, na nini kimewafikisha huko.

Istilahi hii haieleweki bila neno planktoni. Mjerumani Victor Hensen, aliyefanya kazi Kiel, alilianzisha mwaka 1887 kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kutangatanga. Vitabu vingi hulifafanua kuwa ni viumbe wadogo wasioonekana kwa macho. Ufafanuzi huo unapotosha, kwa sababu ukubwa si kigezo. Konyeza mwenye upana wa sinia ni planktoni. Kigezo ni kwamba kiumbe hana nguvu ya kushindana na mkondo. Kwa hiyo ufafanuzi unaofaa zaidi kwa Kiswahili ni viumbe wachukuliwao na maji. Wamo wa jamii ya mimea, ambao hutumia mwanga wa jua kujitengenezea chakula, na wamo wanyama. Baadhi ya wanyama hao, mfano kopepodi wengi (wanyama wadogo wenye udugu na kamba), huwa planktoni maisha yao yote. Wengine hupita tu katika hali hiyo utotoni: kaa, kambakoche, pweza wa mwambani, na sehemu kubwa ya samaki wanaouzwa kwenye masoko ya pwani.

Neno kiluwiluwi, kwa wasomaji wengi, ni la mbu au la chura. Shuleni watoto hujifunza kwamba yai la mbu huwa kiluwiluwi, kisha pupa, kisha mbu kamili. Kulipeleka kwa samaki kunafaa, kwani maana yake ya msingi inabaki: mchanga aliyekwisha kuanguliwa ambaye umbo lake bado halifanani na la mzazi. Wapo wanaopendelea kuandika lava, na neno hilo pia limeshazoeleka. Lisilofaa ni kifaranga. Wafugaji wa sato na kambare huita vifaranga wale samaki wadogo wanaonunuliwa kupandikizwa bwawani, nao tayari wana mapezi na umbo la samaki. Kiluwiluwi yuko nyuma ya hatua hiyo. Siku za mwanzo hula akiba ya kiini aliyotoka nayo ndani ya yai. Akiba ikiisha, sharti akute planktoni ndogo kuliko yeye, la sivyo hufa njaa.

Limebaki neno mtawanyiko. Baadhi ya tafsiri huandika usambazaji, lakini usambazaji unahitaji msambazaji, mtu au shirika linalopeleka umeme, mbolea au vitabu kwa kukusudia. Baharini hakuna anayegawa. Mtawanyiko hubeba maana mbili zinazohitajika: mwendo wa kutapakaa na hali inayoonekana baada ya kutapakaa. Hali hiyo haina usawa hata kidogo. Wavu unaweza kupita maji yaliyojaa viluwiluwi, ukasogezwa kidogo tu, ukatoka karibu mtupu.

Katika pwani ya Tanzania na Kenya, mtawanyiko huo unafuata pepo. Mkondo wa Pwani ya Afrika Mashariki huelekea kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi kasi yake inaweza kupita mita 1 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, kitu kinachoelea tu kingesafiri zaidi ya kilomita 80 kwa siku moja. Kaskazi ikivuma mambo hubadilika: Mkondo wa Somalia hugeuka kuelekea kusini, hukutana na ule wa pwani mbele ya kaskazini ya Kenya, na maji yote hupinda kwenda mashariki, mbali na nchi kavu. Yai lililotagwa mwezi Julai na lililotagwa mwezi Januari kwenye mwamba uleule yanaweza kuishia sehemu tofauti kabisa.

Mtawanyiko una kina pia. Wanyama wengi wa planktoni huzama mchana kukwepa macho ya walao nyama, na hupanda usiku kula karibu na uso wa bahari. Wavuvi wa dagaa hufaidika na mwenendo huo kila giza la mwezi: taa zao huvuta planktoni, na dagaa hufuata mlo. Kwa kiluwiluwi, kupanda na kushuka ni namna ya kuchagua njia, kwa kuwa maji ya juu na ya chini hayaendi kwa kasi moja, pengine hata upande mmoja.

Hapo ndipo dhana ya kuchukuliwa na maji inapohitaji mpaka. Viluwiluwi wa samaki wa miamba wanapokaribia kutua huweza kuogelea zaidi ya sentimita 20 kwa sekunde, hunusa maji yaliyotoka mwambani na huelekea kwenye sauti zake. Mwaka 2007 watafiti waliofanya kazi kisiwa cha Kimbe, Papua Guinea Mpya, walionyesha kwamba takriban asilimia 60 ya makinda ya samaki wa aina mbili yaliyotua hapo yalikuwa yamezaliwa hapohapo. Waliwatambua kwa alama ya madini ya bariamu waliyowatia mama zao, ikapita hadi kwenye vijiwe vya masikio vya watoto.

Vijiwe hivyo vina kumbukumbu nyingine. Giorgio Pannella alieleza mwaka 1971 kwamba huongezeka mduara mmoja kila siku, hivyo hadubini humwezesha mtafiti kuhesabu siku alizoishi kinda. Viluwiluwi wenyewe hukusanywa kwa wavu wenye umbo la pia na matundu madogo sana, ukiwa na kipimo cha kiasi cha maji yaliyopita. Msafara wa Kimataifa wa Bahari ya Hindi, uliofanyika kuanzia mwaka 1959 hadi 1965, ulivuta nyavu za namna hiyo bahari nzima, na sampuli zake zikachambuliwa Cochin, India.

Sababu ya kazi yote hiyo ilielezwa na Mnorwei Johan Hjort mwaka 1914. Aliona kuwa heringi waliozaliwa mwaka 1904 walitawala mavuno ya Norwei kwa miaka mingi, ingawa wazazi hutaga kila mwaka. Alihitimisha kwamba wingi wa samaki huamuliwa mapema sana, kwa chakula ambacho viluwiluwi hukuta na mahali mikondo inapowatupa.

Pwani ya Afrika Mashariki, hoja hiyo inavuka mpaka wa nchi. Kwa kuwa mkondo huelekea kaskazini, mwamba wa Tanzania unaolindwa vizuri unaweza kuzalisha samaki watakaovuliwa Kenya, na mwamba unaoharibiwa kwa baruti hupunguza mavuno ya wavuvi ambao hawakuusikia mlipuko. Kwa sababu hiyo pendekezo la hifadhi ya pamoja ya bahari kati ya nchi hizi mbili, kutoka eneo la Diani na Chale nchini Kenya hadi Mkinga nchini Tanzania, linahitaji ramani za mtawanyiko wa viluwiluwi kwa kila msimu, sawa na linavyohitaji ramani za miamba yenyewe.