Bunduki ya Mitutu Miwili na Majina Yasiyo Daftarini

Hivi karibuni mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa huongoza watalii Karatu, alinipigia simu. Mgeni wake alitaka kujua iwapo katika nyumba za walowezi wa zamani, upande wa Oldeani, zimesalia bunduki za mitutu miwili za kuwindia tembo na nyati, na azikague vipi kabla ya kununua. La kwanza nilimjibu kwa kifupi: silaha hainunuliwi kama kinyago. Ina leseni, na sheria ya kudhibiti silaha na risasi ya mwaka 2015 haimsamehe mtu kwa sababu bunduki yake ni kuukuu. La pili ndilo lililonikalisha kuandika.

Bunduki hizo, zilizotengenezwa Uingereza na mafundi kama Holland & Holland, Rigby na Westley Richards, kwa hakika ni bunduki mbili katika kitako kimoja. Kila mtutu una mtambo wake na kifyatuo chake. Mmoja ukigoma, wa pili upo. Mbele ya nyati aliyejeruhiwa, hiyo ndiyo tofauti kati ya kurudi kambini na kuzikwa. Mitutu hulehemiwa kwa pembe ndogo sana, kisha fundi huifyatua na kuirekebisha tena na tena, mpaka risasi zote mbili zipige mahali pamoja, kwa aina moja maalumu ya risasi na baruti. Ukibadilisha risasi, mitutu huacha kupatana.

Kwa hiyo mkaguzi makini hutazama kwanza ndani ya mitutu, kama imeliwa na kutu. Huangalia mihuri ya London au Birmingham inayothibitisha kuwa silaha ilijaribiwa. Kisha huining'iniza mitutu na kuigonga, kama mama anavyogonga chungu sokoni: ikilia kama kengele, lehemu ni nzima, ikitoa sauti ya kukwaruza, pana ufa. Mwisho huuliza daftari la kiwanda, lenye namba ya bunduki na jina la aliyeiagiza.

Jina hilo ndilo hupandisha bei. Bunduki ya Holland & Holland ambayo Theodore Roosevelt alizawadiwa na Waingereza kwa ajili ya safari yake ya mwaka 1909 ilinadiwa mwaka 1994 kwa zaidi ya dola laki tano za Marekani. Chuma ni kilekile. Kilichouzwa ni historia.

Lakini ni historia ya nani? Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Mjerumani Adolf Siedentopf alikodishiwa ardhi ndani ya kreta ya Ngorongoro na utawala wa Kijerumani. Yeye na ndugu yake waliwaalika marafiki kuwinda, na walijaribu hata kuwafukuza nyumbu ili mifugo yao ipate malisho. Baada ya vita, shamba lile liliingia mikononi mwa Sir Charles Ross wa Scotland, mbunifu wa bunduki ya kijeshi ambayo wanajeshi wa Kanada walinyang'anywa mwaka 1916 kwa kuwa ilikwama kwenye matope ya mahandaki. Mwaka 1928 uwindaji ulipopigwa marufuku ndani ya kreta, mashamba ya zamani ya Siedentopf hayakuguswa na katazo hilo. Wamasai waliokuwa wakichunga humo hawakuwa na bahati ya namna hiyo: mwaka 1974 waliondolewa sakafuni mwa kreta, na mwaka uliofuata kilimo kikakatazwa katika hifadhi.

Mwindaji, tena, hakuwa peke yake. Nyuma yake alisimama mbeba bunduki, Mwafrika aliyeshika bunduki ya pili na kuikabidhi wakati mitutu ya kwanza ilipokuwa mitupu. Roosevelt anamtaja wake kwa jina moja tu, Bakari. Mtu huyo alitakiwa asikimbie, ingawa bunduki aliyoshika haikuwa yake kuifyatua. Mwenzake wa kijijini aliyeua mnyama bila kibali aliitwa jangili. Mwenye kibali aliitwa mwanamichezo. Daftari la kiwanda halikuwa na safu ya kumwandika yeyote kati yao.

Sichukii ufundi wa vyuma hivyo. Hata mimi ningependa kuugonga mtutu mmoja nisikie unavyolia. Ninachokataa ni kuhesabu asili ya kitu kwa jina la aliyekilipia pekee. Nilimwomba mwanafunzi wangu jambo moja: aache kutafuta bunduki, atafute wazee wa Karatu na wa Ngorongoro ambao baba zao walizibeba, ayaandike majina yao kamili, pamoja na vijiji vyao. Bunduki ikikaa kabatini miaka mia itapata mnunuzi. Mzee hakai miaka mia akitusubiri.