Elimu ya Nafsi na Maneno ya Kariakoo

Mtu wa Pwani atakaye kusema habari za ndani yake ana maneno manne yaliyo tayari: moyo, roho, nafsi na akili. La kwanza ni la Kibantu, matatu yametoka katika Kiarabu, wala hayabadilishani mahali ovyo. Moyo huenda mbio, roho huuma, nafsi humsuta mwenyewe, akili humruka mtu. Waliotafuta jina la Kiswahili la saikolojia walichagua nafsi, wakasema elimunafsi. Twaona walichagua vema, ingawa neno la kigeni ndilo lililoshinda.

Elimu hii huhesabiwa kuanza mwaka 1879, Wilhelm Wundt alipofungua maabara yake mjini Leipzig, Ujerumani. Kabla yake habari za nafsi zilikuwa kazi ya wanafalsafa na wanatheolojia. Wundt aliwaweka wanafunzi mbele ya saa na vyombo, wakaeleza walichohisi na muda uliopita. Haukupita muda mrefu wakatokea wapinzani, na elimu ikagawanyika katika madhehebu. Neno hilo twalitumia kwa makusudi, maana wafuasi wameshindana kwa ukali ambao mapadre na wachungaji watautambua. Sigmund Freud wa Vienna, katika kitabu chake cha ndoto chenye tarehe ya 1900, alifundisha kwamba sehemu kubwa ya nafsi imefichika kwa mwenyewe, nayo hujitokeza mgonjwa akiachwa aseme. John Watson wa Marekani akakataa mwaka 1913: ya ndani hayaonekani, basi na tupime matendo tu. Max Wertheimer na wenzake, tangu 1912, walisema kwamba nafsi hupokea kitu kizima kabla ya vipande vyake, kama wimbo wa udi: ukipandishwa sauti, kila mlio hubadilika, nasi twasikia wimbo ule ule.

Kwa watu wa misioni Leipzig si mji mgeni. Bruno Gutmann, aliyetumwa na Misioni ya Leipzig, akafika Kilimanjaro mwaka 1902, aliandika mafundisho ya kikabila ya Wachaga kama alivyoyasikia kwa wazee. Kazi hiyo ilitoka kati ya 1932 na 1938 katika mfululizo wa vitabu vya Felix Krueger, aliyerithi kiti cha Wundt. Lakini Gutmann alisikiliza watu wa mlima mmoja na lugha yao. Mji ni jambo jingine.

Kariakoo ilipata jina lake katika vita ya 1914–1918. Waingereza walipoitwaa Dar es Salaam mwaka 1916, waliweka hapo kambi ya wapagazi wao, Carrier Corps, na wenyeji wakalitamka jina hilo kwa ulimi wao. Katika vita hiyo hiyo madaktari wa Ulaya waliona askari wasio na jeraha, nao watetemeka, hawasemi, hawalali. Charles Myers aliandika habari zao mwaka 1915, W. H. R. Rivers, katika hospitali ya Craiglockhart huko Scotland, aliketi na maofisa wakamsimulia yaliyowapata. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu. Habari za vifo vyao zataja kuhara, kichomi na malaria. Kwa ajili ya nafsi zao hakufunguliwa daftari kama la Rivers.

Aliyeuliza habari hizo mjini alikuwa mganga. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alikwisha kueleza mambo ya pepo katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903; na Lloyd Swantz, mmisionari wa Kilutheri, aliwachunguza waganga wa Kizaramo wa Dar es Salaam, kitabu chake kikatoka 1990. Wako wasemao kwamba mganga na Freud ni wa kazi moja, kwa kuwa kila mmoja hukifanya kilichofichika kiseme. Twakubali nusu. Mgonjwa wa Freud yu peke yake na daktari, mlango umefungwa. Mgonjwa wa pepo yu katikati ya ngoma na jamaa zake, na pepo akitaja atakacho, ni jamaa hao watakaotoa.

Serikali nayo ilifungua hospitali ya wagonjwa wa akili Mirembe, Dodoma, mwaka 1927, mbali sana na soko. Muhimbili i karibu, nako Sylvia Kaaya na wenzake walishika kazi ambayo wasomaji wa gazeti la lugha wataipenda. Mwaka 2002 walitangaza majaribio ya orodha ya maswali iliyotungwa Marekani, ikafasiriwa kwa Kiswahili, kwa wajawazito wa Dar es Salaam wenye virusi vya Ukimwi. Mwaka 2008 walitoa maswali 19 yaliyotungwa hapa hapa nchini ya kumtambua mwenye sonona.

Jambo hili latugusa, maana mgonjwa wa namna hii mara nyingi humpitia mchungaji au mwalimu kabla ya kumfikia daktari, na swali lisilofaa humrudisha nyumbani na maradhi yake. Sonona ni la kitenzi cha kale, kuumia kwa ndani. Msongo wa mawazo watoka katika kusonga, kitenzi kile kile cha ugali. Mama lishe wa Kariakoo akiulizwa kama ana huzuni, aweza kujibu hapana, maana hakufiwa. Akiulizwa kama ana mawazo, aweka mwiko chini kwanza.