USHAHIDI WA VIGAE

Tunapenda kuijibu kauli ambayo vijana wetu wa Bariadi huambiwa: ya kuwa Uislamu ni mambo ya pwani, na ya kuwa hata hao wa pwani walijengewa miji yao na wageni. Jibu letu limo katika vigae.

Mtume (s.a.w.) alikataza kula na kunywa katika vyombo vya dhahabu na fedha. Udongo ulibaki halali kwa tajiri na maskini, na mafundi wa Kiislamu waliupa heshima kubwa. Huko Nishapur na Samarkand, katika karne ya 9 na ya 10, waliuchuja udongo mweupe, wakauchanganya na maji mpaka ukawa kama uji mwepesi, wakaumimina juu ya bakuli la udongo mwekundu. Kisha wakaandika kwa rangi nyeusi, kwa hati ya Kikufi, maneno ya kumtakia baraka mwenye chombo. Baadaye mafundi wa Iran waliukwangua ule weupe kwa ncha kali hata wekundu wa chini ukaonekana kuwa maua na mistari, wakaupaka rangi ya kioo, wakachoma. Wafinyanzi wetu wa Simiyu wataielewa kazi hiyo upesi kuliko wasomi wengi.

Mabakuli hayo ya kukwangua yalivuka bahari kwa pepo za kaskazi. Neville Chittick alipofukua Kilwa Kisiwani katika miaka ya 1960 alivikuta vigae vyake, na kwa kuwa vilitengenezwa kati ya karne ya 11 na ya 13, vinasaidia kukadiria umri wa kuta na sakafu vilimopatikana. Bakuli zima lisingetufaa zaidi.

Basi hapo ndipo wengine walipokosea. Waliviona vya ng'ambo, vinavyong'aa, wakadhani mji mzima umetoka ng'ambo. Lakini katika magofu ya pwani yetu vigae vya kigeni ni vichache. Vilivyo vingi mno ni vya vyungu vya wenyeji, visivyo na rangi ya kioo, na vingine vina masizi ya moto wa jikoni. Waliokuwa wakisali katika misikiti ile walipikiwa chakula katika vyungu vilivyofinyangwa papo hapo, kwa udongo wa nchi hii.