Mpira wa dirisha la motokari ya zamani ulitoka wapi?

Wandugu wasomi, kuna mabishano yanarudi kila mara kwenye garaji. Mtu iko na Volkswagen Coccinelle ao Peugeot 404 ya mzee wake. Mipira ya madirisha ya milango imekauka, imepasuka-pasuka kama udongo wa kiangazi, na mvua ikinyesha maji inaingia mpaka kwenye viti. Fundi anamuletea mipira mipya. Yeye anaikunja mkononi, anainusa, anasema: hii si mpira wa kweli, ya zamani ilikuwa ya mti, ilikuwa na nguvu. Mimi nilisoma agronomia, si mekanika. Lakini ule "mpira wa mti" uko na historia, na sehemu yake chungu ilipita hapa kwetu.

Utomvu wa mti peke yake haufai kwa dirisha. Ukipigwa na jua unalainika na kunata, kwenye baridi unakakamaa. Mwaka wa 1839, kule Marekani, Charles Goodyear aliona kwamba ukiuchanganya na salfa na kuupasha moto, unabaki unanyumbulika. Uingereza, Thomas Hancock alifanya kazi hiyohiyo, akapata hati yake mwaka wa 1844. Kisha 1888 John Boyd Dunlop akaleta tairi ya upepo kwa baiskeli. Kuanzia hapo viwanda vya Ulaya na Marekani vilitaka mpira bila kushiba.

Hapa njo wengi wetu tunachanganya mambo, hata wenye diploma. Tunasema "mashamba ya mipira ya Leopold". Mashamba gani? Mpira ule mwingi ulitoka kwenye kamba za pori, Landolphia, zinazopanda juu ya miti mikubwa kutafuta mwanga. Tofauti hiyo si ya kitabu tu. Mti wa hevea unapandwa, unangojewa miaka mitano mpaka saba, kisha unachanjwa kidogo-kidogo kwa miaka mingi. Leopold II hakutaka kungoja. Tangu 1876 Mwingereza Henry Wickham alikuwa amebeba mbegu kama 70,000 za hevea kutoka Brazili mpaka London, na miche yake ikapelekwa Asia. Siku mashamba yale yangeanza kutoa, bei ingeanguka. Kwa hiyo mpira wa pori ulipaswa kutoka haraka, na kwa kuwa mtu hawezi kuacha shamba lake kwa hiari akaingie msituni siku nyingi bila malipo ya maana, zikatumika bunduki.

Muangalie vile mmea wenyewe unaeleza ukatili. Kamba ya pori ukiichanja kwa utulivu inaweza kupona. Lakini mtu aliyepangiwa kilo zake, na bibi yake amefungwa kama mateka mpaka kilo zifike, hana muda wa utulivu. Anaikata yote, anakamua, kamba inakufa. Safari inayofuata anaenda mbali zaidi. Kilo zinabaki zilezile, msitu unazidi kuwa mbali, shamba la nyumbani linabaki bila mtu, njaa inaingia. Wengine walijipaka utomvu mwilini ugande, kisha wakaubandua pamoja na manyoya ya ngozi. Mwaka wa 1890 zilitoka kama tani 100 kwa mwaka; mwaka wa 1901 karibu tani 6,000. Kule Baringa, kwenye eneo la kampuni ABIR, mwaka wa 1904 Alice Seeley Harris alipiga picha ya Nsala akiangalia mkono na mguu wa mutoto wake. Mwaka huohuo ripoti ya Roger Casement ilitangazwa, na 1908 Leopold alilazimika kuiachia Ubeleji nchi.

Hevea ilikuja kwetu kwa wingi baadaye. Sisi wa agronomia tunaijua INEAC ya Yangambi, iliyoundwa 1933, ambako walichunguza miti hiyo pia. Lakini Japani ilipochukua Malaya mwaka wa 1942, Wabeleji waliongeza siku za kazi za lazima mpaka 120 kwa mwaka, na wazee wetu wakarudishwa msituni kutafuta kamba zilezile.

Vita hiyohiyo njo ilisukuma mbele mpira wa kiwanda, unaotengenezwa kwa petroli. Wajerumani walikuwa nao tayari, Buna. Wamarekani wakajenga viwanda vikubwa vyao. Katika miaka ya 1960 ukaingia sokoni ule unaoitwa EPDM, na leo mipira mingi ya milango na madirisha ni huo.

Sasa turudi kwa yule anayenusa mpira. Mpira wa mti ni minyororo mirefu ya kaboni, na kwenye uti wa mgongo wa kila mnyororo kuna viungo ambavyo ozoni ya hewani inavikata. Inavikata zaidi pale mpira umevutwa ao umekunjwa, njo maana mipira ya zamani inapasuka kwanza kwenye pembe za dirisha. Uti wa mgongo wa EPDM hauna viungo hivyo. Kwa kioo cha mlango kinachokaa juani, mimi nasema bila kuzunguka: chukua EPDM. Ule wa mti una nguvu kweli kwa kuvutwa, tairi za kamyo bado zinauhitaji. Hapa hauvutwi, unapigwa na jua.

Kuhusu kazi yenyewe: ukienda kununua, beba kipande cha zamani kilichokatwa, ulinganishe umbo la ndani, si urefu tu. Shusha kioo, toa ubao wa ndani ya mlango, ondoa vibanio polepole kwa turnevisi pana. Kwangua gundi na kutu mpaka bati lisafike, upake rangi, ungoje ikauke. Mpira mpya usiuvute ukiuweka. Usukume kidogo-kidogo na maji ya sabuni. Ukiuvuta utajirudi, na baada ya wiki chache utaona nafasi kwenye pembe. Grisi na mafuta ya motokari usitumie, vinavimbisha mpira wa mti na EPDM vilevile.

Na hata ukifanya vizuri, maji kidogo itapita kando ya kioo na kushuka ndani ya mlango. Milango ilitengenezwa hivyo. Chini kabisa kuna vitobo vya kuitoa, vingi vimezibwa na udongo wa miaka 40. Vizibue kwa waya kabla hujarudisha ubao.