Hodi Muhoroni! Adabu ya Mgeni Tangu Ibn Battuta Hadi Safari Zetu za Idd



Ramadhan ikiingia kumi la mwisho, mbali na itikafu na kuutafuta usiku wa Lailatul Qadr, kuna jambo jingine ambalo vijana wengi hulianza chini kwa chini: kuchanga pesa za safari ya Idd. Wa Muhoroni huteremka Kisumu wakaone ziwa, wengine wafike hadi Kit Mikayi kule Seme. Wa Mombasa nao hupanda basi kuja huku kwetu. Hakuna ubaya wowote. Lakini ukishatoka kwenu jua kwamba wewe ni mtalii, hata kama hukuja na ndege wala ngozi yako haikubabuka kwa jua. Na mji wetu huu wa miwa umepitiwa na wageni wa kila aina, kwa hivyo tuna haki ya kuuliza: walipitaje?

Tuanze na mgeni mmoja aliyekuja pwani karne nyingi kabla Muhoroni haijawa na stesheni. Ibn Battuta alitoka kwao Tangier, Moroko, mwaka 1325 na mwaka 1331 akafika pwani yetu ya Afrika Mashariki. Jahazi lake lilipotia nanga Mogadishu, aliambiwa kuwa desturi ya mji ni mwanachuoni asipange mahali pa kulala kabla hajaonana na Sultani. Yeye alitaka kwanza ashushe mizigo yake apumzike. Wakamwambia hapana, desturi ni desturi. Akakubali, akaenda. Akapokewa kwa tambuu na marashi, akalishwa wali wa samli na vitoweo vyake, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu, tangawizi na embe. Vyote hivyo aliviandika kwa makini, kimoja kimoja.

Mombasa alilala usiku mmoja tu. Hebu jiulize, wewe ukilala usiku mmoja mji wa watu huwa unaona nini? Yeye aliona miguu. Aliona kwamba penye mlango wa msikiti pana kisima, na kata ya mti yenye mpini mrefu, na kila anayetaka kuingia huosha miguu yake kisha akaifuta kwenye mkeka mnene uliowekwa hapo. Akawasifu watu wa Mombasa kwa dini yao na misikiti yao ya mbao. Leo habari za Mombasa ya zama zile tunazipata kwake, na amezipata kwa sababu alitazama wenyeji wanafanya nini.

Si kwamba alikuwa malaika. Mwaka 1352 alikwenda Mali, na alipoletewa zawadi ya mfalme akadhani ni nguo za heshima na mali. Kumbe ni mikate mitatu, kipande cha nyama ya ng'ombe na kibuyu cha maziwa ya mgando. Akacheka! Kisha akamlalamikia mfalme mwenyewe. Miaka mia sita na zaidi imepita, na bado tunasoma kuwa mgeni yule alicheka chakula cha watu. Kumbuka hilo siku ukiwekewa omena na kuon na wewe ukaanza kukunja uso.

Sasa turudi bara. Waliotangulia kufika upande huu wa ziwa kutoka pwani walikuwa watu wetu, wafanyabiashara wa misafara ya pembe. Mwaka 1883 Mzungu Joseph Thomson alipofika huku, aliweza kupita njia nyingine kwa msaada wa Jumbe Kimameta, tajiri wa Pangani aliyezijua njia hizo. Ujasiri walikuwa nao, na si haba. Lakini tuseme kweli, hata kama inatuuma: wengi wao walimwita kila mtu wa bara "mshenzi", na watu wa ukingo huu wa ziwa wakawaita "Kavirondo", jina ambalo wenyewe hawakuwa wakijiita. Wazungu wakalidaka jina hilo wakaliandika kwenye ramani, na kwa miaka mingi ghuba ya Winam ikaitwa Ghuba ya Kavirondo. Mgeni hakuuliza "Mwaitwaje?", na kosa hilo likadumu vizazi. Mpaka leo utamsikia kijana wa pwani akisema "watu wa bara" kwa sauti ile ile. Wacha hiyo, ndugu yangu. Ukifika kwa Mluo, Mkalenjin au Mluhya, muulize jina lake na umwite kwa hilo.

Tarehe 20 Disemba 1901 reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 iligusa ziwa, mahali walipopaita Port Florence, ndiyo Kisumu. Inateremka kutoka Londiani hadi Fort Ternan, Koru, Muhoroni, Kibigori, Kibos. Hapo ndipo utalii wenyewe ulipoanza. Winston Churchill, akiwa naibu waziri wa makoloni wa Uingereza, alipita njia hii mwaka 1907 kwenda Uganda. Disemba 1909 akapita Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka kwenye urais wa Marekani mwaka huo huo. Wote wawili huko nyuma njiani, kwenye nyanda za mbuga, walikaa kwenye benchi lililofungwa mbele ya injini ili wapate kuona wanyama vizuri. Roosevelt na mwanawe Kermit walihesabu wenyewe wanyama waliowaua katika safari yao yote: 512. Walisema ni kwa ajili ya makumbusho ya Washington, na nyingine ni kitoweo cha wapagazi. Sawa. Lakini 512!

Mimi binafsi kinachonikera zaidi si bunduki, ni kamera. Wasafiri wa miaka ile waliwapiga picha watu wa ziwani jinsi walivyokuwa, picha zikageuzwa kadi za posta na kutumwa Ulaya. Chini huandikwa "Kavirondo" basi. Hakuna jina la mtu, hakuna kijiji. Wale walikuwa mababu na mabibi wa majirani zetu hapa Muhoroni, tunaokwenda nao sokoni. Nani aliwaomba ruhusa?

Sasa wewe ukifika Dunga na simu yako, kina mama wanakaanga samaki jasho likiwatoka, wavuvi wamevua mashati wanavuta nyavu, na unawapiga picha kama unapiga picha miti. Tofauti yako na yule wa kadi ya posta ni nini? Mwenyezi Mungu katika Suratun Nur, aya ya 27, ametukataza kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na kuwasalimu wenyewe. Najua mtu atasema ufuoni si nyumba. Ni kweli, lakini uso wa mtu ni wake popote alipo. "Mama, naomba nikupige picha," ni maneno manne tu. Akikataa, funga simu ununue samaki.

Na kuna suala la kubeba. Koru, stesheni iliyo jirani nasi, ilitoa mifupa iliyogeuka mawe ya kiumbe wa kale mfano wa nyani. Mwaka 1933 mtaalamu wa Uingereza, Hopwood, alikipa jina Proconsul, kwa utani wa sokwe wa maonyesho ya Ulaya aliyeitwa Consul. Mifupa yenyewe ikakaa London. Songhor nako kuna mawe ya aina hiyo. Watu hupita wakaokota kijiwe "cha ukumbusho". Usiokote. Sheria ya makumbusho ya Kenya ya mwaka 2006 inakataza kuhamisha vitu hivyo bila kibali.

Ukifika Kit Mikayi utakuta majabali makubwa yaliyopandana, na huenda ukawakuta waumini wa Legio Maria na wengineo wanasali kwenye mapango yake. Imani yao si yetu, lakini wewe hungependa mtu apige kelele na kujipiga picha huku umesujudu. Teremsha sauti, usipite mbele yao, subiri wamalize. Jina lake kwa Kijaluo ni jiwe la mke wa kwanza. Kaa na mwenyeji akupe kisa chake, na mwambie dereva wa matatu angoje, maana wazee wa Seme wakianza kusimulia hawana haraka.