UZI: Turkana, kibali cha kuingia, na picha ya kutoka nayo

Kila siasa zikipamba moto huu mjadala unarudi. Mmoja anasema wanahabari wamezidi, wanaingilia maisha ya watu, wabanwe. Mwingine anajibu ukigusa gazeti umegusa demokrasia. Nasoma sayansi ya siasa na nimechoka kusikia pande zote mbili zikiongea kana kwamba Kenya inaishia Nairobi. Wacha niwapeleke Lodwar na Kakuma. Sitataja mwanasiasa wala chama, kwa hivyo msinitafutie upande.

Tuanze na mkoloni. Sheria ya 1902 ya wilaya za mbali ilimpa serikali nguvu ya kufunga eneo zima: huingii bila kibali. Mwaka 1934 ikaongezwa nyingine ya wilaya maalum, yenye udhibiti mkali zaidi wa wafugaji. Turkana ikaishi chini ya sheria hizo. Sababu iliyotolewa ilikuwa usalama. Lakini fikiria matokeo yake: mahali ambapo mgeni haingii bila ruhusa, mwandishi wa gazeti naye haingii.

Si ajabu basi kwamba wafungwa wa kesi ya Kapenguria walipohukumiwa 1953, walipelekwa Lokitaung, kaskazini kabisa mwa Turkana. Hakukuwa na haja ya kuwafunga midomo. Jangwa na kibali vilifanya hiyo kazi.

Sasa hapa ndipo mambo yanakuwa matamu. Juni 1958 barua ya wafungwa wa Lokitaung, wakilalamikia hali yao, ilichapishwa London na gazeti la Observer. Barua moja tu! Mwezi huo huo mjumbe mmoja Mwafrika akasimama katika Baraza la Kutunga Sheria akasema hao bado ni viongozi wa watu. Kelele alizopigiwa ndani ya ukumbi ule zimeandikwa kwenye historia.

Mwaka uliofuata mfungwa maarufu zaidi kati yao, yule aliyekuja kuwa rais wa kwanza, alihamishiwa Lodwar. Kifungo kilikuwa kimeisha ila hakuruhusiwa kuondoka. Mei 1960 gavana alimtangazia dunia kuwa ni kiongozi wa kupeleka watu gizani na kwenye mauti. Ilitangazwa kila mahali, na mwenyewe yuko Lodwar, hana njia ya kujibu. Ilibidi angoje hadi Aprili 1961, alipopelekwa Maralal, ndipo wanahabari wakaruhusiwa kumkalia mbele na kumuuliza maswali. Wale mnaosema sheria ya kulinda jina la mtu ni ya kulinda wakubwa peke yao, kumbukeni huyu wakati huo hakuwa mkubwa. Alichafuliwa na mwenye mamlaka, na gazeti ambalo lingeweza kumsafisha halikuruhusiwa kumfikia.

Uhuru ulikuja, vikwazo vikabadilisha nguo. Ile sheria ya vitabu na magazeti ya 1960 ilidai dhamana ya pesa kabla ya kuchapisha gazeti. Mwaka 2002 dhamana ikapandishwa kutoka shilingi 10,000 hadi 1,000,000. Niambie ni kijana gani wa Lodwar angeanzisha gazeti kwa masharti hayo.

Twende Kakuma. Kambi ilifunguliwa 1992. Mwishoni mwa 2008 wakimbizi wenyewe walianzisha gazeti la mtandaoni, KANERE, wakaandika kuhusu maji, mgao wa chakula, usalama, shule. Mapema kabisa likazuka swali la usiri: ukimtaja mkimbizi aliyelalamika, si unaweza kumweka hatarini? Na swali hilo ni la kweli, tusilibeze. Mtu aliyekimbia serikali ya kwao akiwekwa picha na jina mtandaoni, waliomfukuza nao wana simu. Ila swali hilo hilo linaweza kumfaa pia anayesimamia mgao na hataki kuulizwa magunia yameenda wapi. Neno ni moja, faragha, lakini wanaojificha nyuma yake ni wawili tofauti sana. Na mwanahabari wa nje akitaka kuingia kambini na kamera, bado anahitaji kibali.

Katiba ya 2010 nayo ina jambo ambalo watu hupita tu. Kifungu cha 31, faragha, ni cha kila mtu. Cha 33, kujieleza, ni cha kila mtu. Lakini 35(1), haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, ni ya kila raia. Raia! Yaani mkimbizi aliyezaliwa Kakuma anaweza kusema, ila hawezi kudai kwa kifungu hicho zile karatasi za kuthibitisha anachosema.

Halafu Machi 2019. Picha za wazee na watoto wa Turkana waliodhoofika kwa njaa zilijaa kwenye runinga na simu. Serikali ya kitaifa ikakana kwamba kuna waliokufa kwa njaa. Bila zile picha, nani angebishana nayo? Lakini pia nani alimuuliza yule mama kama uso wake ubaki mtandaoni milele? Sheria ya Ulinzi wa Data ilipitishwa baadaye mwaka huo huo. Inataka idhini ya mzazi kwa taarifa za mtoto, halafu inawapa wanahabari nafuu pale penye maslahi ya umma. Anayepima hayo maslahi kwanza ni mhariri, na mhariri yuko Nairobi.

Msimamo wangu: jina la afisa na bajeti ya maji ya kaunti si faragha ya mtu. Mbavu za mtoto ni faragha. Tumezoea kuchapisha mbavu na kuficha bajeti.

Kitu kimoja cha mwisho. 35(2), haki ya kudai habari ya uongo kukuhusu irekebishwe au ifutwe, imeandikwa "kila mtu", si raia peke yake. Kama uko Kakuma, Kalobeyei au Lodwar na umewahi kuitumia, niambie hapo chini walikujibu nini. Tafadhali, usiweke jina wala picha ya mtu mwingine.