Safu ya Lugha: Lipu si kusiriba

Siku hizi kila kinachopakwa ukutani kinaitwa lipu. Lipu ni mchanga uliochanganywa na saruji au chokaa. Udongo unaopakwa kwa kiganja una kitenzi chake cha zamani, kusiriba. Tofauti hii ilindwe, kwa kuwa inaamua ukuta utadumu vipi.

 Hapa kwetu Bariadi adui wa ukuta ni maji ya mvua kwenye udongo mweusi wa mbuga, ule unaoganda kwenye viatu. Mvua ikinyesha unavimba, kiangazi unapasuka. Ukuta wa uzio wa bustani usio na kizuizi cha unyevu juu ya msingi hunyonya maji hayo. Yakikauka usoni huacha chumvi, unga mweupe unaopukutika ukiugusa, na chumvi hiyo ndiyo inayoisukuma lipu mpaka ibanduke vipande vipande. Sehemu ya chini, karibu na matuta ya maua, ndiyo hutangulia.

Ukuta wa tofali mbichi ukisiribwa hupumua. Ukipigwa lipu ngumu ya saruji, unyevu hufungiwa ndani na lipu hujitenga. Igonge kwa kidole, italia kama debe tupu.

Basi fundi akisema atapiga lipu, muulize ni ya saruji, ya chokaa, au anakusudia kusiriba. Mwagize pia auvishe uzio kofia ya zege inayodondoshea maji mbali na ukuta, na matuta ya maua uyasogeze.